Funguo, hundi na boila: shajara ya makabidhiano ya tawi letu

Jumamosi, 24 Agosti 2024

Nimekubali kuwa mshauri wa tawi. Aliyekuwa na kazi hiyo amehamia Arizona, na barua yake ya kuaga ilikuwa na mistari minne, mmoja wa kuniomba radhi. Nilidhani anatania. Leo nimeendesha gari saa moja na nusu kutoka Columbus, nikakaa na viongozi wa wanafunzi kwenye sebule ileile nilikoapishwa mwaka 2009, na kabla kahawa haijapoa nikajua kwamba yule bwana aliomba radhi kwa moyo wake wote.

Kwa mnaosoma mkiwa Moshi au Mombasa: fraterniti ni chama cha wanachuo wa kiume, chenye makao makuu ya taifa na matawi vyuoni, na jina lake kwa kawaida ni herufi za Kigiriki. Ohio ni nyumbani kabisa kwa mambo haya. Chuo Kikuu cha Miami, ambacho kiko mji wa Oxford humuhumu Ohio wala si Florida, ndiko zilikozaliwa Beta Theta Pi mwaka 1839, Phi Delta Theta mwaka 1848 na Sigma Chi mwaka 1855. Tawi letu ni dogo: wanachama 34, ada dola 450 kwa muhula. Kumi na tisa kati yao wanaishi kwenye nyumba ya tawi, ambayo si mali yao bali ya kampuni ndogo ya wahitimu. Kule nyumbani ukitaja fraterniti watu wanakumbuka sinema za ulevi. Pombe ipo, sitadanganya. Ila miaka yangu mle ndani nilichokiona zaidi ni vikao, madeni na choo kilichoziba.

Uongozi unabadilika kila mwaka. Uchaguzi ni Novemba, wapya wanashika ofisi Januari. Miezi minne ya kwanza kijana anajifunza, na ukifika wa kumi akili yake iko kwenye kazi aliyoomba Chicago. Akiondoka, anaondoka na ofisi kichwani.

Nimewauliza maswali matano. Nywila ya barua pepe ya tawi anayo nani? Rais wa mwaka juzi. Mtia saini wa benki? Mtu aliyehitimu 2022, anaishi Denver. Orodha ya wahitimu? Ilikuwa kwenye kompyuta ya katibu wa zamani, ikamwagikiwa bia. Ada zinalipwa wapi? Venmo, ile programu ya simu ya kutumiana hela, ya mweka hazina mwenyewe, zikichanganyika na hela zake za piza. Ritani ya mwisho ya kodi ilipelekwa lini? Hapo wakatazamana.

Lengo nimeliandika nyuma ya risiti ya petroli: ikifika Februari, rais mpya aendeshe tawi bila kumpigia simu wa zamani zaidi ya mara moja kwa wiki, na wahitimu 150 wajulikane walipo.

Jumanne, 27 Agosti

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo lile swali la tano limeninyima usingizi.

Tawi limesamehewa kodi ya mapato kwa kifungu cha sheria ya kodi cha 501(c)(7), ambacho ni cha klabu za kijamii. Kusamehewa kodi si kusamehewa ritani. Chama kidogo, ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka (sisi ada zetu ni 30,600), kinajaza 990-N: maswali machache mtandaoni, jina, anwani, namba ya EIN, yaani ya utambulisho wa kodi, jina la afisa mmoja. Kazi ya dakika kumi. Lakini ukiikosa miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutika wenyewe. Hakuna kikao, hakuna wa kumbembeleza.

Mwaka wetu wa fedha unaisha 30 Juni, na ritani inatakiwa tarehe 15 ya mwezi wa tano baada ya hapo, yaani 15 Novemba. Nimepekua orodha ya wazi ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ya mwisho kupelekwa ni ya mwaka ulioishia Juni 2021. Ya 2022 hakuna, ya 2023 hakuna. Ya 2024 ndiyo ya tatu.

Siku 80.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo ni siku ya picha. Kila nyumba ya fraterniti ina fremu kubwa ukutani, moja kwa kila mwaka: nyuso za wanachama wote ndani ya viduara, suti na tai, na jina la kila mmoja chini yake. Zetu zinaanza 1961. Vijana wanazipita kila siku wakielekea jikoni, na sidhani kama wameshawahi kuzisoma. Nikamwambia katibu, orodha yako ya wahitimu haikumwagikiwa bia, imetundikwa hapo.

Tumezipiga picha moja moja kwa simu, yeye ameshika taa, mimi nimepanda kiti. Nywele zinasimulia kuliko katiba: za 1963 zimekatwa kama za askari, za 1974 zimefunika masikio, za 1986 sina maneno. Ya 2010 nimo mimi, mweusi pekee kwenye nyuso 41, nimetabasamu kama mtu anayepiga picha ya pasipoti akihofia kukataliwa viza. Jina langu limekosewa herufi mbili. Sikuwahi kuliona.

Miaka sita haina fremu. Majina tuliyopata, bila ya kurudia, ni 780.

Jumapili, 15 Septemba

Barua pepe ya kwanza ilitoka wiki iliyopita kwa anwani 118 ambazo katibu alizifukua mitandaoni. Aliiandika rais. Ilianza na "Wapendwa Wahitimu", aya ya pili ikaeleza gharama za paa, ya tatu ikawa na kitufe cha kuchangia. Majibu ni matatu. Moja: niondoeni kwenye orodha. La pili: mnatafuta nani? La tatu ni la bwana wa darasa la 1971 anayeuliza kama boila, ile mashine ya kupasha nyumba joto, ni ileile.

Jioni nimempigia dada yangu Moshi. Dada ndiye mwenyekiti wa kudumu wa kamati za harusi kwenye ukoo wetu, amezimaliza kumi na moja na hakuna iliyobaki na deni la ukumbi. Nikamsomea ile barua kwa Kiswahili. Akanyamaza, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mdogo wangu, hawa watoto wametuma kadi ya mchango kabla ya salamu?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa mtu ambaye hawajamtafuta tangu lini?"

"Wengine miaka hamsini."

"Basi hapo si wahitimu wabahili. Piga simu. Mtu mmoja, watu kumi. Na simu ya kwanza asitaje hela, hata mwenyewe akizitaja abadilishe maneno."

Nikaona aibu kidogo. Nimeishi nchi hii miaka kumi na saba na bado nilihitaji kuambiwa hilo kutoka Moshi.

Alhamisi, 26 Septemba

Simu zimeanza. Vijana kumi, Alhamisi saa moja usiku, meza ya kulia chakula, kila mmoja na majina yake kumi. Kwanza waligoma. Kizazi hiki ukikipigia simu kinadhani kuna msiba. Wao mambo yao yote yako kwenye kundi la ujumbe la GroupMe. Nikawapa swali moja tu la kuuliza baada ya kujitambulisha: chumba chako kilikuwa kipi?

Swali hilo ni la katibu, si langu, na limefanya kazi kuliko yote niliyoyapanga mimi. Mtu anayesema "nina dakika mbili" akiulizwa chumba anatoa dakika ishirini. Mmoja wa 1988 alikuwa namba 7, akauliza kama lile dirisha limeshaanza kufungika. Kijana aliyempigia analala namba 7. Halijaanza.

Baada ya simu katibu anaandika kwenye jedwali: mwaka, mji, kazi, chumba, na kitu kimoja alichokisema. Safu ya mwisho ndiyo nitakayoipigania.

Kazini nina mwenzangu, mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye mumewe ni Alpha Phi Alpha, fraterniti ya kwanza ya wanachuo Weusi iliyodumu, iliyoanzishwa Cornell mwaka 1906. Nikamweleza mradi wangu akanitazama kwa huruma. Mumewe alihitimu zamani na mpaka leo anahudhuria vikao vya tawi la wahitimu, analipa ada, anafundisha vijana. Zile fraterniti na sororiti (za wanawake) tisa za Weusi, zenye baraza lao tangu 1930, ziliweka matawi ya wahitimu kuwa sehemu ya chama chenyewe. Kwao shahada haikutoi. Kwetu ukishavua joho unakuwa anwani ya kutumiwa maombi. Si kwamba sisi wagumu, ni jinsi chama kilivyoshonwa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Denver, yaani yule mtia saini wa benki, hajajibu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Denver amejibu. Ataenda benki kesho.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wikiendi ya wahitimu kurudi chuoni. Mechi ya ule mpira wao wa kubeba mikononi, nyama choma kwenye maegesho, na watu 46 waliosaini kitabu mlangoni. Mwaka jana, kwa mujibu wa msimamizi wa nyumba, walikuja tisa.

Mzee wa 1971 amekuja na sanduku la vifaa. Namwita Mzee na yeye anajua maana yake, nilimfundisha kwenye simu, sasa vijana nao wanamwita hivyo kwa lafudhi ya Ohio. Alikuwa mkandarasi wa mabomba, amestaafu. Hakupita hata sebuleni. Aliuliza msimamizi wa nyumba ni nani, akamchukua mpaka chini kwenye boila.

Nikawafuata. Nyumba hii inapashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye vyuma vya ukutani, ambavyo fundi wetu wa gari angeviita rejeta. Kila mwaka baridi ikianza vyumba vya juu havipati joto, na kila mwaka wanamwita fundi, wanalipa. Mzee akazima pampu. Akatoa ufunguo mdogo wa shaba, si mrefu kuliko kidole gumba, wenye tundu la mraba, akamtia kijana mkononi. Wakaanza ghorofa ya chini wakapanda. Kwenye kila rejeta kuna kiskrubu pembeni. Unazungusha robo, hewa inatoka kwa mlio wa paka aliyekasirika, unaweka kitambaa chini, unasubiri mpaka maji yatoke bila kutema, unafunga. Rejeta ya kwanza Mzee alifanya mwenyewe. Ya pili walishika wote. Ya tatu Mzee akaweka mikono mifukoni, na kijana alipogeuka kumwuliza kama inatosha, akamjibu, "Mimi sipo hapa."

Waliporudi chini akamwonyesha geji ya boila, akachora kwa penseli kwenye ukuta alama ya mahali sindano inapotakiwa kusimama. Juu ya alama yake mpya kulikuwa na ya zamani, imefifia. Akaitazama akasema ile ni yake pia, ya 1970.

Halafu jioni ikaharibika. Mhitimu mmoja wa miaka ya tisini, amekaa barazani na bia, anawasimulia wanachama wapya walivyofanywa wao enzi zao: walivyonyweshwa, walivyonyimwa usingizi, na jinsi siku hizi watoto wamelegea. Vijana wanacheka kwa adabu. Nami nilisoma bweni, nilikuwa njuka, nimewachotea maji kaka wa kidato cha sita saa kumi alfajiri na mwaka uliofuata nikatamani kuchotewa. Namjua huyu bwana kwa ndani.

Nikamwita pembeni. Nikamwambia Ohio ina Sheria ya Collin, ya 2021, iliyopewa jina la mwanafunzi Collin Wiant aliyefariki 2018. Kumlazimisha mtu pombe ili akubaliwe kwenye chama si utani tena, akidhurika vibaya ni jinai ya kufungwa gerezani. Na ile sehemu inayowataka watu watoe taarifa polisi mara moja inawataja wahitimu pia, kwa neno lenyewe. Akasema amesikia. Akaondoka kabla ya keki. Dola 500 alizoahidi nazo zimeondoka, nimezifuta kwenye jedwali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kesho ya Denver haijafika.

Jumanne, 22 Oktoba

Kosa langu, niliandike nisije nikamsingizia mtu.

Ahadi za michango zilipoanza kuja nikafanya kama dada: jedwali la majina, ahadi, imelipwa, bado, nikalituma kwa wote kila Jumapili. Kwenye harusi hiyo ndiyo injini. Jina lako likikaa kwenye "bado" wiki tatu unalipa hata kwa kukopa, na mwenyekiti akilisoma mbele ya kikao unalipa na nyongeza. Baada ya jedwali la pili wawili wameomba watolewe, na mmoja kaandika sentensi ambayo sitaiweka hapa.

Mzee akanipigia. "Kijana, hapa hela ni siri ya mtu na mke wake. Na mara nyingine mke haambiwi." Nikamweleza habari za kamati. Akauliza, kwa hiyo nyie mnasomeana madeni hadharani na bado mnaalikana? Nikasema ndiyo, na tunacheza muziki. Akaona ni jambo zuri sana lakini nisilirudie.

Jedwali sasa lina majina tu, bila kiasi. Ahadi zimepungua mwendo. Bado naamini njia ya dada ni bora. Ila watu wake siyo hawa.

Jambo jingine, wengi wanauliza kama mchango unapunguza kodi yao. Jibu ni hapana. Tawi ni 501(c)(7), si asasi ya hisani. Mfuko wa elimu wa makao makuu ni 501(c)(3), yaani wa hisani, ukichangia huko unapata nafuu, lakini hela zake ni za elimu, haziwezi kununua boila. Nimeliandika hilo wazi kwenye barua. Tisa wamejitoa, na afadhali wajitoe sasa kuliko waje kugundua wakati wa ritani zao.

Alhamisi, 24 Oktoba

Denver amekwenda benki! Alikwenda wakati wa chakula cha mchana, akasaini, akanitumia picha ya risiti na neno "samahani". Benki sasa inataka muhtasari wa kikao unaoonyesha watia saini wapya wamechaguliwa. Haki yao.

Jumapili, 10 Novemba

Wiki ya chaguzi. Jumanne Wamarekani walipiga kura yao, leo sisi yetu.

Katiba ya tawi inataka akidi ya theluthi mbili, yaani watu 23. Saa moja kamili walikuwa 21. Rais akataka waanze, "watakuja". Katibu, kijana mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akasimama na kitabu cha Kanuni za Robert, zile ambazo mhandisi wa jeshi Henry Martyn Robert alizichapisha mara ya kwanza mwaka 1876 na ambazo vyama vingi vya Marekani vinaendeshea vikao mpaka leo. Akasema bila akidi tunachokifanya ni mazungumzo, na benki haikubali mazungumzo. Wakamtuma mtu chumba namba 7 kuamsha wawili. Walishuka na soksi.

Nafasi ya urais iligombewa na wawili. Aliyeshinda ni mwepesi wa kuongea. Aliyeshindwa ndiye niliyemtaka mimi, lakini mshauri hapigi kura na kwa kweli hatakiwi hata kukunja uso. Mweka hazina mpya ni kijana wa mwaka wa pili anayesomea jiografia na anayejua kila senti yake imekwenda wapi. Nimefurahi kuliko ninavyoruhusiwa.

Muhtasari uliandikwa, ukasainiwa saa tatu usiku. Jambo la kwanza aliloliomba mweka hazina wa zamani, mbele ya wote, ni kufunga mahesabu ya ile Venmo. Tulikaa naye mpaka saa sita. Hakuna wizi, kuna piza. Upungufu ni dola 212 na ameulipa palepale. Nilitaka kumwambia hapana, abaki nazo, ni mwanafunzi. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ameshanyoosha mgongo.

Jumatano, 13 Novemba

990-N imepelekwa. Dakika kumi na nne, ambazo nne ni za kutafuta miwani yangu. Nilimketisha mweka hazina mpya kwenye kibodi, wa zamani pembeni yake, mikono mapajani, sheria ya Mzee. EIN ilikuwa kwenye barua ndani ya kabati la jikoni, chini ya mwongozo wa mashine ya kuosha vyombo.

Anayetambulika IRS kama mhusika mkuu wa tawi ni mtu aliyehitimu 2016. Inatakiwa wajulishwe ndani ya siku 60 mhusika akibadilika, kwa fomu 8822-B, ya karatasi, kwa posta. Tumechelewa kwa miaka, lakini fomu imo kwenye bahasha. Mweka hazina mpya hajawahi kubandika stempu maishani. Aliiweka upande wa kushoto.

Jumamosi, 7 Desemba

Siku ya hati za makabidhiano. Nimepiga marufuku maneno mawili, "kama kawaida". Hati ya kwanza ya msimamizi wa nyumba ilisema: "Lipa bima kama kawaida." Nikairudisha. Kwa nani? Lini? Kwa hundi au mtandaoni? Ukichelewa nini kinatokea? Nani wa kumpigia, na huyo mtu hupendi kumpigia kwa sababu gani? Ile ya mwisho ndiyo huleta habari. Kumbe mtu wa taka hachukui makopo Alhamisi yakiwa yamefunikwa na theluji, na anayekasirika zaidi si yeye, ni jirani.

Rais anayeondoka alikuja na kurasa mbili safi kabisa zisizo na kitu ndani yake. Nikamwambia aziache, anieleze tu simu tatu mbaya zaidi alizopokea mwaka huu. Aliongea dakika arobaini. Rais mpya aliandika mpaka kalamu ikaisha. Moja ya hizo simu ilikuwa ya usiku wa manane, mwenzao amekunywa akashindwa kuamka, na yeye alisita dakika tano kabla ya kuita gari la wagonjwa kwa kuhofia tawi litafungiwa. Kijana alipona. Hizo dakika tano hakuwahi kumwambia mtu. Nimemwambia rais mpya aziandike juu kabisa ya ukurasa, kabla ya nywila.

Jumanne, 24 Desemba

Jana Rais Biden ametia saini sheria ya kuzuia unyanyasaji wa wanachama wapya vyuoni, sasa ni ya taifa zima: vyuo vitatakiwa kuhesabu matukio hayo kwenye ripoti zao za usalama na kutangaza vyama vilivyopatikana na makosa. Nimewatumia viongozi wapya. Mmoja kajibu kwa dole gumba. Ni sikukuu, namsamehe.

Wahitimu waliopatikana: 212. Ahadi: 67. Zilizolipwa: 51.

Jumapili, 19 Januari 2025

Wameapishwa. Sherehe yenyewe ni ya ndani na sitaieleza. Ninachoweza kusema ni kwamba funguo zote zilikuwa na vibandiko, kadi ya benki ina jina sahihi, na nywila ya barua pepe imebadilishwa rais wa zamani akiwa amesimama hapo, akijifanya hajali.

Wahitimu 22 walikuja kwenye baridi ile. Mmoja wa 1988 aliomba apelekwe chumba namba 7. Alirudi chini baada ya robo saa, akaenda kwenye gari, akarudi na bisibisi na kipande cha mbao.

Lile dirisha sasa linafungika. Vibaya, lakini linafungika.

Jumapili, 9 Februari

Wiki tatu. Rais mpya amempigia wa zamani mara nne wiki ya kwanza, mbili ya pili, wiki hii moja, na hiyo ilikuwa ya kumtania kuhusu timu yake. Lengo la risiti ya petroli limetimia upande huo. Upande wa wahitimu wa miaka sita isiyo na fremu hatuna kitu, majina hayo sijui nitayatoa wapi. Katibu anapendekeza tuwaulize wa miaka ya jirani walilala na nani chumbani. Simu za Alhamisi zimelegea, wiki iliyopita walikuja wanne. Nimemwachia rais alishughulikie mwenyewe, nikajikaza nisimpigie.

Leo usiku ni Super Bowl, fainali ya ule mpira wao, na Ohio nzima iko mbele ya televisheni. Saa mbili na dakika kumi simu yangu ikalia kwenye kundi la nyumba. Picha ya geji ya boila, imepigwa karibu mno, nusu yake ni kidole. Sindano imesimama juu kidogo ya alama ya penseli. Msimamizi mpya wa nyumba ameandika: "Hii ni sawa?"

Nilikuwa bado natafuta miwani. Mzee akamjibu kabla yangu: "Alama ipi, yangu mpya au ya zamani?"